Mpira wa Kusafishia Tangi la Samaki

Wasomaji wa Kindu hawana haja ya kufundishwa kwamba maji huweza kupanda ndani ya mpira. Kando ya barabara panapouzwa mafuta ya motokaa twamwona mtu akitia ncha ya mpira katika pipa, akivuta mara moja kwa kinywa, akatema, kisha akiiteremsha ncha ya pili katika dumu. Na mafuta huenda yenyewe mpaka dumu likajaa. Kazi hiyo hiyo, ikifanywa kwa mpira safi na kwa akili kidogo, huwaokoa samaki waliofungwa katika tangi la kioo nyumbani. Isipofanywa, au ikifanywa vibaya, huwaua. Mimi nimewaua, ndiyo maana naandika.

Mwanangu wa tatu alitaka kufuga samaki. Fundi wa madirisha akatuunganishia vioo vitano kwa gundi, tukapata tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Mwanafunzi yeyote aweza kuzidisha: ni lita 63, na ukitoa nafasi ya changarawe na ya juu, maji yenyewe ni kama lita 50. Tukatia changarawe ya mtoni, majani ya majini, na samaki tisa, wana wa tilapia, kila mmoja hazidi urefu wa kidole. Walikaa salama miezi mitatu, nasi tulizoea kuketi mbele yao jioni kama watu waotao moto.

Ikawa siku chache kabla ya Noeli, wageni wakitazamiwa, nami nikasema moyoni kwamba nitalisafisha tangi hili hata washangae. Nikawatia samaki katika ndoo. Changarawe nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikaisuuza, nikaichemsha katika sufuria ya mama watoto (naye alinena mengi). Vioo nikavisugua, maji yote nikayamwaga, nikatia mapya. Tangi likang’aa. Siku ya tatu samaki wakaanza kupandisha vinywa juu ya maji kama watafutao hewa. Siku ya tano walikuwa wamebaki wawili. Mtoto akaniuliza, “Baba, ulitia sumu?” Nikajibu, hapana. Kumbe sumu ilikuwamo. Samaki wenyewe ndio walioitoa, nami nilikuwa nimewaua askari wa kuizuia.

Jambo lenyewe ni hili. Samaki hutoa mwilini mwake, hasa kwa njia ya matamvua, kitu kiitwacho amonia. Katika mto Lualaba haidhuru, kwa kuwa maji ni mengi nayo yaenda. Katika lita 50 zilizosimama, amonia hujikusanya, nayo huunguza matamvua hata samaki ashindwe kupumua. Lakini juu ya kila jiwe la changarawe huota utando mwembamba wa vijidudu viitwavyo bakteria. Namna moja yao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu vile vile. Namna nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana mpaka iwe nyingi. Vijidudu hivi huota polepole: katika tangi jipya huchukua majuma manne hata sita kabla ya kutosha kwa kazi. Mtu akiichemsha changarawe amevimaliza vyote katika saa moja.

Basi, tusiisafishe kabisa? Hapo ndipo wengine wanapokosea upande wa pili. Kinyesi cha samaki, majani yaliyooza na chakula kisicholiwa huzama kati ya changarawe na kufanya mashapo. Mashapo yakioza hutoa amonia nyingine, tena hula oksijeni ya maji. Nasi wa nchi ya joto hatuna oksijeni ya kupoteza: lita moja ya maji yenye joto la digrii 28 haiwezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni, na maji ya digrii 15 hushika 10. Mashapo yakiachwa miezi mingi, changarawe huwa nyeusi kwa chini, na ukiichokoa hutoa harufu ya yai viza.

Katika nyumba za Ulaya kuna chujio linaloendeshwa kwa umeme mchana na usiku, na vijidudu vingi hukaa humo. Hapa kwetu nyumba nyingi hazina umeme wa saa zote, na chujio likisimama tangu jioni hata asubuhi, vijidudu vyake hukosa hewa vikafa. Kwa hiyo kwetu changarawe ndiyo chujio. Yatupasa kuondoa uchafu uliomo tukiwaacha askari wake mahali pao, na chombo cha kufanya hivyo ni mpira ulio na bomba pana kwenye ncha yake.

Ufugaji wa samaki katika vioo si wa kale sana. Mama mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, alitengeneza matangi ya kioo huko Sicily mwaka 1832 apate kuwachunguza viumbe vya bahari. Na mwaka 1853 wakaaji wa London walifunguliwa nyumba ya kwanza ya samaki katika bustani yao ya wanyama. Siku zile wengi walitumaini kwamba majani na konokono wangetosha kuweka maji safi daima bila mtu kugusa kitu. Wangali wako wanaoamini hivyo.

Sasa chombo chenyewe. Madukani ya miji mikubwa yako ya namna nyingi: ya betri, ya kufungwa kwenye bomba la maji la nyumba, na ya kawaida yasiyo na mtambo wowote. Ya betri huvuta kwa unyonge na betri huisha. Ya kufungwa bombani hutaka maji yatokayo kwa nguvu saa zote, nayo humwaga maji mengi bure ili kuvuta machache; mtu achotaye kwa madumu asiyafikirie asilani. Ya kawaida ndiyo bora, hata kwa tajiri.

Tena yaweza kutengenezwa nyumbani. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita iliyokuwa na maji ya kunywa, ngumu kidogo, ukate kitako chake. Kizibo ukitoboe tundu, upitishe mpira unaopenya kwa shida, ukaze kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli hata hewa isiingie. Ukingo uliokatwa uupitishe juu ya bati la moto, usije ukamkwaruza samaki au mkono wako. Mpira wenyewe uwe wa kuonya, upate kuona kinachopita, na urefu wake mita moja na nusu. Usiwe ule uliovuta petroli au mazuti hata siku moja, wala usiseme umeuosha, kwa maana harufu ya mafuta haitoki katika plastiki, na tone dogo latosha kuua tangi zima.

Upana wa chupa na wa mpira lazima upatane, na hapa wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme mpira una tundu la milimita 12, na bomba la ncha lina upana wa milimita 48. Bomba ni pana mara 4, kwa hiyo eneo la tundu lake ni kubwa mara 16. Maji yanayopita ni yale yale. Basi yakienda katika mpira sentimita 160 kwa sekunde, katika bomba hupanda sentimita 10 tu. Changarawe ya milimita 3 huzama kwa upesi kuliko huo, hivyo hurukaruka ndani ya bomba na kurudi chini. Uchafu ni mwepesi, hauwezi kushindana na maji, huchukuliwa. Hiyo ndiyo siri yote ya chombo hiki. Bomba likiwa jembamba mno, changarawe hupanda na kuziba mpira; likiwa pana zaidi ya mara 6, maji hupanda kwa uvivu na uchafu hubaki. Kwa tangi dogo kuliko letu chagua mpira wa milimita 8 na bomba la sentimita 3 hivi, kwa sababu mpira wa milimita 12 hujaza ndoo ya lita 10 kwa muda wa dakika moja, na hutakuwa umefika hata katikati ya kazi.

Maji hupanda ukingo wa tangi kwa nini? Kwa kuwa maji yaliyo katika mkono mrefu wa mpira, ule uningʼiniao nje, ni mazito kuliko yaliyo katika mkono mfupi. Yanaposhuka huacha nafasi, na uzito wa hewa iliyo juu ya tangi huyasukuma mengine kuijaza. Kwa hiyo ncha ya nje lazima iwe chini kuliko uso wa maji ya tangi: weka tangi mezani na ndoo sakafuni. Hewa ikiingia mpirani, kazi husimama.

Kuanzisha mwendo, usivute kwa kinywa. Najua kwamba wengi watacheka, nao wamevuta petroli miaka yote. Lakini maji ya tangi ni maji ya kinyesi, na kama yalichotwa mtoni bila kuchemshwa yaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu, maradhi tunayoyajua mno huku Maniema. Fanya hivi: zamisha chupa na mpira wote ndani ya tangi mpaka hewa yote itoke, ziba ncha ya mpira kwa kidole gumba, ishushe katika ndoo, kisha achia. Mtu mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kazi hii. Kuna kijidudu cha matangi ya samaki, ndugu wa kile cha kifua kikuu, kiingiacho katika mikwaruzo na kufanya vivimbe visivyopona upesi.

Maji yakianza kwenda, ishindilie chupa ndani ya changarawe mpaka karibu na kioo cha chini. Utaona mawe yakirukaruka na wingu la kahawia likipanda. Maji yakianza kuwa meupe, bana mpira kwa vidole. Changarawe yote huanguka. Inua chupa, sogeza, shindilia tena. Penye mizizi ya majani pita juu juu tu. Usifuate sakafu yote: safisha theluthi moja juma hili, theluthi nyingine juma lijalo, ili vijidudu vya sehemu zilizobaki vilishe vile uliovisumbua. Ndoo moja na robo, yaani lita 12 au 13, ikisha kutoka katika tangi letu, simamisha kazi hata kama uchafu wabaki. Robo ya maji kwa juma yatosha. Mwenye samaki wachache aweza kungoja majuma mawili. Sisi hufanya Jumamosi baada ya kufua, kazi ya robo saa.

Usimwage ndoo kabla ya kuichungulia. Mara mbili nimemkuta samaki mdogo akizunguka humo, mzima kabisa.

Maji ya kurudisha yawe na joto lile lile la tangi, nayo yamiminwe polepole juu ya sahani ili changarawe isichimbuke. Maji ya REGIDESO yana klorini, ambayo huua samaki na vijidudu vyake pia. Yaache siku nzima katika ndoo iliyo wazi. Maji ya mvua hayana klorini, lakini hayana chumvi za mawe pia, na yakiwa peke yake huyumba upesi. Sisi twachanganya nusu kwa nusu na ya kisima.

Wako wanaotamani samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wazuri ambao Mbelgiji Pierre Brichard alianza katika miaka ya 1970 kuwasafirisha wazima kutoka Bujumbura, hata mmoja wao akapewa jina lake, Neolamprologus brichardi. Ziwa si geni kwetu: mto Lukuga hutoka humo pale Kalemie na kuingia Lualaba, kwa hiyo maji yake hupita mbele ya Kindu yakiisha kuchanganyika na mengine. Lakini samaki wa ziwani wamezoea maji magumu yenye magadi. Maji ya mvua hayawafai. Na baadhi yao, walio wadogo kuliko wote, hukaa ndani ya maganda matupu ya konokono juu ya mchanga. Mchanga haushindiliwi chupa, maana utavutwa wote. Shika chupa sentimita mbili juu yake, uizungushe taratibu. Uchafu ulio juu utainuka, na mchanga utabaki. Maganda usiyaguse, kwa kuwa mayai yamo ndani.

Maji machafu yana nitrati, nayo ni mbolea. Lengalenga za mama watoto zilizo nyuma ya nyumba sasa huninyamazisha kila nikumbukapo ile sufuria. Lakini maji yenye samaki wa mbali, mayai yao au majani ya kigeni yasimwagwe mtoni wala mferejini. Gugu-maji lenye maua ya zambarau, lililoanza kuusumbua mto Kongo katika miaka ya 1950, asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilichukua huku na huko kwa uzuri wa maua yake.

Wale wawili waliobaki walikua hata tangi likawa dogo kwao, tukawapeleka katika bwawa la jirani. Sasa tuna wengine sita. Mpira huoshwa kwa maji matupu, hutundikwa kivulini, maana jua huukakamaza, na mwanangu ameuandika kwa rangi nyekundu SAMAKI TU, tangu siku ile mjomba wake alipokuja na pikipiki iliyoishiwa mafuta akiutazama kwa jicho la kutaka kuuazima.