Waya wa intaneti una mwisho wake: mita 100

Na Mwandishi Wetu, Maskati

Mwaka 2021, wakati masomo yalipokuwa bado yakitolewa kwa njia ya mtandao kwa sababu ya maradhi ya Korona, kijana mmoja wa jamaa zetu huko Barka alikuwa katikati ya mtihani pale kompyuta ilipomwambia kwamba mawasiliano yamekatika. Alisubiri, akaingia tena, yakakatika tena. Muda ulipokwisha alikuwa amejibu nusu tu ya maswali.

Baba yake aliilaumu kampuni ya intaneti. Kumbe kampuni haikuwa na kosa. Ruta ilikuwa katika nyumba kubwa iliyo mbele ya shamba, na ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa ni waya uliotoka hapo, ukapita juu ya ukuta na chini ya mitende, hadi vyumba vya nyuma alikokuwa akisomea kijana. Tulipoupima kwa kamba tuliona una urefu wa mita 160.

Kisa hiki si cha nyumba moja. Wengi wetu hapa Oman tuna majlis ya wageni iliyojitenga na nyumba, au shamba pwani ya Batina ambalo tungependa liwe na kamera getini. Wengine hununua vifaa huku na kuvipeleka nyumbani Unguja, Pemba au Tanga kwa ajili ya skuli. Kila pahala swali ni lile lile: waya unaweza kwenda umbali gani?

Kwa nini mita 100?

Mtindo huu wa kuunganisha kompyuta, unaoitwa Etheneti, ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, Marekani. Waya wa kanuni za mwanzo ulikuwa mnene kama kidole na kipande kimoja kiliweza kufika mita 500, lakini ulikuwa ghali na mgumu kukunja. Mwaka 1990 ikapitishwa kanuni ya waya mwembamba wenye jozi za nyuzi za shaba zilizosokotwa, ambao ndio tunaoutumia hadi leo, na urefu wake ukawekwa mita 100. Kati ya hizo, mita 90 ni za waya unaopita ukutani au ardhini, na 10 zilizobaki ni za vipande vya kuunganishia vifaa kwenye ncha mbili.

Sababu yake ni kwamba mawimbi ya umeme yanayobeba habari hudhoofika kila yanapoendelea mbele. Yakizidi kudhoofika, kifaa cha upande wa pili hakiwezi kuyatenganisha na kelele za umeme zilizomo ndani ya waya wenyewe. Habari hupotea, hutumwa upya, na mwisho mawasiliano hukatika.

Hatari yake ni kuwa waya uliozidi kipimo mara nyingi hufanya kazi siku unapofungwa. Fundi huja asubuhi, taa ya ruta huwaka, hulipwa, huondoka. Lakini shaba ikipata joto hupitisha umeme kwa taabu zaidi. Kwa mujibu wa kanuni za ufungaji, zile mita 90 huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20. Waya ukifika nyuzi 60, urefu unaofaa hushuka hadi karibu mita 75. Hapa kwetu, waya mweusi uliolala juu ya ukuta mchana wa Julai haushindwi kufika huko.

Shaba ya uongo

Jambo la pili la kutazama ni waya wenyewe. Madukani kuna maboksi ya bei nafuu ambayo nyuzi zake ni za aluminiamu zilizopakwa shaba juu tu. Aluminiamu huzuia umeme zaidi ya shaba kwa kiasi cha asilimia 60, na huvunjika upesi inapokunjwa. Ukitumia waya huo kupelekea umeme wa kamera, utapata moto zaidi na kamera itazimika. Hata kwa shaba safi, kanuni ya mwaka 2003 inahesabu kuwa wati 15.4 zikitoka upande mmoja, zitakazofika mwisho wa mita 100 ni kama 13 tu.

Njia ya kuujua ni nyepesi: kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo si shaba. Boksi lake pia huwa jepesi mkononi.

Ufumbuzi

Umbali ukizidi mita 100 kidogo, unaweza kuweka swichi katikati. Swichi huyapokea mawimbi na kuyatuma upya, na hesabu ya mita 100 huanza tena. Lakini itahitaji umeme na kivuli, na chini ya mitende vyote viwili ni adimu.

Antena mbili zinazotazamana nazo hufaa, ila lazima pasiwe na kizuizi kati yake. Makuti ya mtende ni kizuizi.

Njia iliyo bora ni faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha nuru badala ya umeme. Kwa aina moja ya faiba, kanuni inaruhusu kilomita 5 bila kituo. Vinahitajika visanduku viwili vidogo vya kugeuza umeme kuwa nuru na nuru kuwa umeme, kimoja kila upande. Na kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, radi ikipiga upande mmoja haitapita ndani ya uzi huo kwenda kuunguza vifaa vya upande wa pili. Kwa skuli za nyumbani zenye majengo yaliyoachana, faida hiyo pekee inatosha.

Si ajabu kwamba mkonga wa SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ni wa kioo. Hata nuru nayo huchoka, ndiyo maana chini ya bahari huwekwa vikuza nuru kila baada ya makumi ya kilomita.

Kule Barka, sasa faiba imelazwa ndani ya bomba la plastiki, na waya wa zamani umebaki ukutani ukianikiwa nguo. Kijana aliruhusiwa kurudia mtihani. Aliufanya sebuleni katika nyumba kubwa, hatua tatu kutoka kwenye ruta, kwa sababu mtaro ulikuwa bado haujachimbwa. Baba yake alikaa mlangoni kuwazuia watoto wasipige kelele.

"Kupotea njia ndiko kujua njia," alituambia baadaye. Anayetaka kujua njia bila ya kupotea, basi kabla ya kwenda dukani achukue kamba, apime.