Mti Hupandwa Siku Moja, Magugu Hurudi Kila Mwezi: Mchango Wako kwa Bustani ya Umma Unafanya Nini?

Unakumbuka Jumatatu ya 13 Novemba 2023? Serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili Wakenya watoke wakapande miti. Siku hiyo simu zetu zilijaa picha: mche mkononi, gambuti zenye matope, tabasamu hadi masikioni. Sasa tukuulize swali dogo tu. Ule mche wako, ni nani aliupalilia?

Hatuulizi ili kukuaibisha. Hata sisi tulipanda, tukapiga picha, tukarudi zetu nyumbani. Miezi kadhaa baadaye tulirudi kuangalia miche yetu na mingi hatukuiona. Tulidhani imeibwa. Kumbe ilikuwa pale pale, imefunikwa na nyasi na vichaka vilivyotufika kifuani. Iliyokuwa hai ilikuwa imegeuka manjano kwa kukosa mwanga.

Ndiyo maana leo tunazungumza kuhusu mchango ambao watu wengi hawaufikirii: pesa za kusaidia wale wanaojitolea kung'oa magugu na kutunza miti katika bustani na misitu ya umma.

Adui mwenye maua mazuri

Chukua msitu wa Karura, hapa Nairobi. Una zaidi ya hekta 1,000, na wengi wetu tunaujua kwa matembezi ya Jumapili, baiskeli na maporomoko ya maji. Pia tunajua historia yake. Mnamo Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti huko kupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 2004, alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Msitu uliokolewa mikononi mwa wanyakuzi, lakini kuna mnyakuzi mwingine ambaye hana wakili wala hati bandia. Anaitwa lantana. Bila shaka umemwona: kichaka chenye maua madogo ya rangi ya waridi, manjano na machungwa, ambacho watu wengine hukipanda kama ua la nyumba. Asili yake ni maeneo ya tropiki ya bara la Amerika. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu kila mahali. Ukikikata juu juu, kisiki kinachipua tena. Kikikomaa kinasongamana hadi miche ya asili, kama muhugu, haipati mwanga wala nafasi.

Dawa yake ni kazi ya mikono. Unakata, unachimba mizizi, unarudi baada ya mvua kung'oa machipukizi, kisha unarudi tena. Na si kazi ya kuingia tu na panga lako. Katika msitu wa serikali, kazi kama hii hufanywa kwa idhini na kwa kuelekezwa na wanaojua mimea, maana mche wa mti wa asili ukiwa mdogo unaweza kuudhani ni gugu. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 inaruhusu jamii kuunda vyama vya misitu na kusaidiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, katika utunzaji. Huko ndiko wengi wanaojitolea hupitia.

Kujitolea si bure

Mtu akijitolea, hatozi malipo ya kazi yake, lakini vifaa bado vinagharimu. Kuna glavu za kukinga mikono dhidi ya miiba, jembe, sururu, slasha na tupa ya kunolea. Kuna maji ya kunywa. Kuna nauli ya kijana anayetoka mbali Jumamosi asubuhi, na chai na mkate saa nne. Kikundi kikikosa nauli, wanaobaki ni wale wenye magari, na hao peke yao hawatamaliza lantana.

Tupige hesabu rahisi. Watu 200 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi, au 120,000 kwa mwaka. Mtu mmoja akitoa 120,000 siku ya kupanda miti, tutampigia makofi, na anastahili. Lakini gugu halisubiri siku ya sherehe. Kikundi kinachojua kwamba elfu kumi zitaingia kila mwezi kinaweza kupanga kurudi pale pale mara ya pili na ya tatu. Mti unaokolewa kwa kurudi huko.

Kabla ya kubonyeza Tuma

Mwenzetu mmoja ofisini aliwahi kuona ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp: picha ya vijana wakifyeka, maneno matamu, na nambari ya simu. Akatuma 500. Alipouliza kazi ilifanyika wapi, nambari ikazimwa. Kumbe picha ilikuwa imechukuliwa mahali pengine kabisa. Hakuumia sana mfukoni, lakini tangu siku hiyo kila mchango unampa shaka, na wanaoumia hapo ni vikundi vya kweli.

Basi fanya hivi:

- Tafuta nambari kutoka kwa kikundi chenyewe: bango lao langoni, ofisi yao, au tovuti yao. Ujumbe uliosambazwa mara kumi si ushahidi.
- Pendelea nambari ya paybill au till yenye jina la kikundi. Ukiombwa utume kwa nambari ya mtu binafsi, uliza kwanza kwa nini.
- Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Lisipolingana, simama hapo hapo.
- Kwenye sehemu ya akaunti, andika neno ambalo kikundi kimeagiza, ili mchango wako usipotee kati ya malipo mengine.
- Angalia ada. Kama mko kwenye chama, kusanyeni na mtume mara moja kwa mwezi badala ya kila mtu kutuma peke yake.
- Hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anataka kukurudishia pesa.

Ukikosea nambari, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, usisubiri kesho. Ukitapeliwa, tuambie na uripoti kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wako wa uthibitisho.

Jambo moja zaidi: kiingilio unacholipa langoni na mchango ni vitu viwili tofauti. Usidhani ukishalipa kiingilio umewanunulia wanaojitolea glavu. Uliza.

Uliza pia baada ya kutoa

Una haki ya kujua. Wiki chache baada ya kutuma, uliza: mlifanya kazi sehemu gani? Mlirudi mara ngapi? Kikundi kizuri hakitakasirika. Kitakuonyesha picha ya mahali hapo kabla na baada, au kitakwambia, "Njoo Jumamosi ujionee."

Na ukipata nafasi, nenda. Sisi tulienda asubuhi moja, tukang'oa lantana hadi migongo ikatukumbusha umri wetu. Tulipofyeka kichaka kimoja tukakuta mche mdogo chini yake, umepinda, majani matano tu, lakini hai. Hatujui nani aliupanda. Labda ni wewe.

Mvua zijazo zikipungua, weka kikumbusho kwenye simu yako: shilingi 50, kila mwezi, kwa kikundi ulichokithibitisha. Mche ulishapandwa. Kilichobaki ni mtu wa kuurudia.