Sarkoma Inayoiga Karsinoma: Utambuzi na Istilahi

Kiswahili cha kila siku hutosheka na neno moja, saratani. Patholojia haitosheki nalo: karsinoma huanzia kwenye epithelia, yaani seli zinazofunika ngozi na kuta za viungo, ilhali sarkoma huanzia kwenye tishu kama misuli, mafuta na mifupa.

Sarkoma ya epithelioidi huvuruga mpaka huo. Mwaka 1970, Franz Enzinger alichapisha nchini Marekani uchambuzi wa wagonjwa 62, akaonyesha kuwa uvimbe huu huiga granuloma au karsinoma. Huota zaidi vidoleni, mikononi na kwenye vigasha vya vijana, ukiwa kinundu kigumu ambacho mara nyingi hakiumi. Ngozi ikipasuka, hudhaniwa kuwa kidonda sugu tu. Chini ya hadubini, seli zake hufanana na za epithelia. Zaidi ya hayo, huwa na saitokeratini, protini ambayo kwa kawaida huashiria karsinoma. Kipimo chenye msaada mkubwa ni cha protini ya INI1, ambayo hutoweka katika sarkoma nyingi za aina hii na kubaki katika karsinoma nyingi. Nyingi, si zote. Ndiyo maana umri wa mgonjwa na mahali pa uvimbe havipuuzwi.

Kwa hiyo, mfasiri wa ripoti anayeandika “saratani ya ngozi” hajarahisisha lugha, bali amebadilisha utambuzi. Sarkoma hii hutambaa kando ya kano, hufika kwenye tezi za limfu, na hurudi ikikatwa kwa ukingo mwembamba.