Raba za Mazoezi: Tuupime Mguu Kabla ya Kuuliza Bei

Daktari anapomwagiza mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu atembee kila siku, aghalabu hamwambii atembee kwa kiatu gani. Mgonjwa hurejea nyumbani na nia njema, akachukua raba yoyote anayoikuta, ya mwanawe au ya zawadi, akaingia barabarani baada ya sala ya Alfajiri. Wiki ya pili vidole vimetoka malengelenge, magoti yanalalamika, na mazoezi yamekoma. Vijana wanaojiunga na vikundi vya kukimbia nao hupatwa na hayo hayo, ila wao huongeza gharama: wanasikia kwamba kiatu cha kukimbilia ni lazima kiwe cha jina kubwa, wanakopa, wananunua, na bado mguu unauma.

Mwaka 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Rome, Muethiopia Abebe Bikila alikimbia marathoni pekupeku na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Alikuwa amezoea kukimbia hivyo, na viatu alivyopatiwa havikumkaa vizuri, akaona heri aviache. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alikimbia na viatu na kushinda tena. Hatumshauri mtu akimbie pekupeku kwenye barabara zetu zenye vipande vya chupa na misumari. Tunachokiona hapo ni kwamba bingwa wa dunia hakukubali kuulazimisha mguu wake uingie katika kiatu kisichoufaa.

Basi tuanze na mguu. Upimwe jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima kwa uzito wako wote, kisha mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi hailingani, na uufuate ule mrefu. Chukua sentimita ulizopata, ongeza moja na nusu, kisha zidisha kwa moja na nusu. Mguu wa sentimita 26 hutoa 41 na robo, kwa hiyo mwenye mguu huo aanze kujaribu 42 za Ulaya, akiziona kubwa ashuke 41. Hesabu hii ni mwongozo tu, maana 42 ya kampuni moja huweza kuwa 41 ya nyingine. Ukishavaa na kusimama, pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya vidole, na kisigino kisichomoke unapotembea.

Upana nao una haki yake. Aliyekulia pekupeku au kwa ndala, mguu wake mara nyingi umetanuka sehemu ya mbele, ilhali raba nyingi za kike hutengenezwa nyembamba. Mama mwenye mguu mpana asione haya kuchukua raba ya kiume. Barabarani hakuna atakayeikagua. Na kama mama hawezi kufika sokoni, mchoree mguu wake juu ya karatasi ngumu, ukate umbo hilo, uende nalo. Likiingia ndani ya kiatu bila kujikunja pembeni, na nafasi ya mbele ikabaki, angalau una pa kuanzia.

Sokoni, iwe Karume jijini Dar es Salaam, Kongowea kule Mombasa au Gikomba, Nairobi, maoni yangu ni kwamba mtumba uliochaguliwa vizuri ni bora kuliko raba mpya ya kuigiza inayobandikwa jina la watu. Lakini mtumba unataka macho na mikono. Iweke raba juu ya meza, uitazame kwa nyuma: ikiinama upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshaipindisha, nayo itakupindisha wewe. Bonyeza sponji iliyo kati ya soli na mguu. Iliyojaa mikunjo na isiyorudi haina tena kazi ya kupokea kishindo. Ikunje: ipinde pale vidole vinapoanzia, isikunjike katikati kama kitambaa. Ingiza mkono uguse bitana la kisigino, kwani likitoboka ndilo litakaloichuna ngozi. Usidanganywe na soli iliyosuguliwa ikawa nyeupe. Fundi anaweza kushona ngozi na kubandika soli, lakini sponji iliyokufa haihuishi. Inakadiriwa kwamba raba ya kukimbilia huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, yaani majuma 20 hadi 32 kwa anayekimbia kilomita 25 kwa wiki. Ya mtumba imeshakula sehemu ya umri huo.

Wauzaji wengine watakuambia kwamba mwenye unyayo bapa ana raba yake na mwenye unyayo ulioinuka ana yake, na bei yake. Jambo hili lilijaribiwa kwa makuruta wa majeshi ya Marekani, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 na 2010. Waliopewa viatu kulingana na umbo la nyayo zao hawakupungukiwa majeraha kwa kiasi cha maana wakilinganishwa na waliopewa kiatu cha aina moja. Mtaalamu Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, na wenzake waliandika mwaka 2015 kwamba kigezo kinachofaa ni starehe ya mguu wenyewe. Kwa hiyo jaribu jozi zote mbili, ukiwa na soksi zako za mazoezi, tembea, ruka kidogo. Kiatu kinachobana dukani kwa ahadi kwamba kitalegea, kiache hapo hapo.

Liko jambo linalotuhusu sisi hasa. Tazama viatu vilivyopangwa mlangoni mwa msikiti: visigino vingi vimelazwa, kwa kuwa mtu anaingiza mguu bila kufungua kamba mara tano kwa siku. Kisigino kikishavunjika, mguu huchezacheza ndani. Raba ya mazoezi iwe ya mazoezi, na msikitini twende na ndala. Kadhalika, mguu uliotoka kwenye udhu ukaingia katika soksi ukiwa na maji huota malengelenge na fangasi haraka. Ukaushe, hasa katikati ya vidole.

Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisia, starehe haitoshi kuwa kipimo, kwa sababu hawezi kuhisi panapobana. Huyu apimwe na mtu mwingine, na ikiwezekana amwoneshe daktari kiatu kabla ya kukianza. Raba mpya aivae nusu saa ndani ya nyumba siku za mwanzo, kisha avue na nyayo zitazamwe kama pana wekundu. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa, mkono upite ndani ya kiatu kutafuta kijiwe au uzi uliojikunja. Akiona lengelenge au kidonda, hata kama hakiumi, aende kliniki siku hiyo hiyo.