Kwa nini jicho hupitwa na kitu adimu

MKAGUZI wa mizigo katika uwanja wa ndege hutazama picha za mikoba kutwa nzima, na takriban yote haina silaha. Hapo ndipo penye hatari.

Mnamo 2005, mtafiti Jeremy Wolfe na wenzake nchini Marekani waliwapa watu kazi ya kusaka vifaa vya fundi katika picha za kompyuta zilizosongamana vitu. Kifaa kilipokuwa katika nusu ya picha, asilimia 7 ya vifaa havikuonekana. Kilipowekwa katika picha moja tu kwa kila 100, idadi hiyo ilipanda hadi asilimia 30. Macho yalikuwa yale yale. Ila mtu akishazoea kutopata kitu, huwa mwepesi wa kusema hakuna.

Ndiyo maana baadhi ya mashine za ukaguzi zina programu inayopachika picha ya bunduki katika mkoba usio na lolote. Mkaguzi akiigundua, huarifiwa kwamba alikuwa akijaribiwa. Hila hiyo, ijapokuwa huudhi, humzuia asisinzie.

Daktari anayetafuta saratani ya matiti katika eksirei hukabiliwa na tatizo lilo hilo, kwani wengi wa wanawake wanaopimwa hawana ugonjwa. Katika nchi kadhaa za Ulaya, kila picha husomwa na madaktari wawili.