Vipokezi vya Ini: Somo la Wachukuzi

Mwanachuo akiulizwa kolesteroli ni nini, mara nyingi hujibu kwamba ni sumu iletwayo na mafuta. Jibu hilo halina budi kusahihishwa kwanza. Mwili huihitaji kolesteroli kujenga utando wa seli, homoni na nyongo, na sehemu kubwa yake hutengenezwa mwilini humo humo. Madhara huanza inapolundikana katika damu.

Kwetu Lushoto mfano wa kueleza jambo hili hauko mbali. Malori ya kabichi kutoka milimani yakifika sokoni Tanga yakakuta wachukuzi wengi, hupakuliwa upesi. Wachukuzi wakipungua, foleni hurefuka hata kama mavuno hayakuzidi.

Seli za ini nazo zina wachukuzi wao, yaani vipokezi. Kipokezi hushika kifurushi cha mafuta na protini kibebacho kolesteroli, huingia nacho ndani ya seli, hukiacha humo, kisha hurudi nje kushika kingine. Safari hiyo huchukua dakika 10 hivi. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walivigundua vipokezi hivi katika miaka ya 1970, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Darasani, wanachuo 8 wasimame mlangoni kupokea vikapu viletwavyo na wenzao. Baada ya dakika 5, mwalimu aondoe wapokeaji 4, vikapu viendelee kuja kwa kadiri ile ile. Vitakapojaa njiani, aulize: "Nani ameongeza mzigo?" Hakuna. Ndivyo ilivyo kwa aliyerithi jeni yenye kasoro kwa mzazi mmoja: vipokezi vyake vifanyavyo kazi ni kama nusu tu. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili aweza kupatwa na ugonjwa wa moyo angali mtoto.

Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya Wamasai wa Tanganyika: walikula maziwa na nyama kwa wingi, lakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa ndogo. Hata hivyo, mwalimu asiache darasa lidhani kwamba chakula si kitu, kwani mafuta mengi ya wanyama huweza kupunguza kazi ya vipokezi.

Mkulima mwembamba apandaye milima kila siku naye aweza kuwa na kasoro hii. Tusimlaumu kwa ulafi. Tumshauri akapimwe damu, yeye na wanawe.