Leseni Imepatikana, Kazi Je?

Hebu tuifikirie nyumba moja ya mtaa wa Kibokoni, hapa Mombasa. Binti amerudi na leseni ya urubani wa biashara. Halua imetolewa, kahawa imemiminwa, mashangazi wamepiga vigelegele. Miezi sita baadaye binti yuleyule amejifungia chumbani, kwani kila mgeni apigaye hodi humuuliza, “Mwanangu, bado hujaanza kurusha ndege?” Mamake, aliyeuza dhahabu zake za arusi kulipia masomo, huinamisha uso.

Nyumba kama hiyo aghalabu huumia kwa kutojua kwamba leseni na kazi ni safari mbili mbalimbali. Leseni hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Kwa mwanafunzi saa hizo ni nyingi. Kwa mwajiri ni chache. Leseni ya juu, ambayo humwezesha rubani kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500. Kampuni za bima nazo humuuliza mwenye ndege: rubani wako ana saa ngapi? Hivyo kijana hukosa kazi kwa uchache wa saa, na hukosa saa kwa kutokuwa na kazi.

Wazee wetu wa baharini waliyajua haya. Kijana aliyepanda jahazi hakukabidhiwa usukani siku ya kwanza. Alipika, akafua maji ngamani, akakunja tanga, huku jicho lake halimbanduki nahodha. Katika urubani wa Kenya, mahali pa kuanzia vivyo hivyo ni uwanja wa Wilson, Nairobi, zinakotoka ndege ndogo ziendazo Lamu, Malindi, Ukunda na Maasai Mara. Wako wanaoanzia ofisini, wakiandika orodha za abiria na kupima mizigo, hadi wanapojulikana kwa uaminifu na kuitwa kukaa kiti cha rubani msaidizi katika Caravan, ndege yenye injini moja. Wengine husomea ukufunzi, wakawafundisha wanaoanza huku saa zao zikiongezeka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata Kapteni Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa nahodha wa Boeing 787, alianza masomo yake ya urubani hapo hapo Wilson.

Kwa aila inayongoja, yapo mambo manne ya kuangaliwa.

La kwanza, madeni. Binti huweza kushawishiwa alipie mwenyewe mafunzo ya ndege kubwa ya aina fulani, kwa tamaa kwamba ataajiriwa upesi. Kabla ya kuuza kiwanja, au kuingia katika mkopo wa riba, ulizeni: ni kampuni gani iliyoahidi kazi kwa maandishi? Idhini ya ndege hiyo huhuishwa kwa mtihani, na asiyeirusha hupoteza umahiri pamoja na fedha zake. Na yeyote adaiye pesa ili “amwandikishe” kazi, aambiwe kwaheri.

La pili, daftari la saa. Rubani huandika mwenyewe kila safari aliyoruka, na wapo wanaoshawishika kuongeza saa za uongo. Daftari hilo ni amana. Atakayelitegemea ni abiria aliyempakata mtoto wake, na upepo wa kiwanja cha ndege hauhadaiki kwa wino.

La tatu, kutochakaa. Cheti cha afya cha daraja la kwanza huhuishwa kila mwaka kwa kijana, na rubani asiyepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 haruhusiwi kubeba abiria. Kwa hivyo, fedha kidogo iliyobaki aghalabu hufaa zaidi kumrudisha hewani saa moja moja kuliko kumnunulia cheti kingine.

La nne, makazi. Kazi haipatikani kwa kutuma barua kutoka Mombasa pekee; waajiri hupenda kumwona mtu. Kama kuna khalati au ami Nairobi, binti akae kwake miezi kadhaa, awe akienda Wilson mwenyewe na daftari lake mkononi. Suala la hijabu na sare aliulize wazi na kwa adabu mapema, kabla ya kutia sahihi mkataba.

Nasi majirani tuna wajibu wetu. Tukibisha hodi Kibokoni, tuliache lile swali la kazi. Tumuulize, “Mwanangu, umefikisha saa ngapi?” Hilo ataweza kulijibu kichwa juu, hata kama zimeongezeka tatu tu tangu mwezi uliopita.

Allah awafungulie vijana wetu milango ya kheri. Amin.